Mume wangu anataka nimwombe radhi kwa siku nane za baiskeli Italia

Admin, jina langu lifiche na la mume wangu pia, maana wafuasi wako wengi ni watu wa Kariakoo na wengine wanatufahamu. Mimi ni mama wa miaka hamsini na sita, Muislamu, mzaliwa wa Tanga. Nina miaka thelathini na moja ya ndoa na watoto watatu, wote wakubwa. Mwezi ujao, Mungu akijaalia, tunakwenda hija mimi na mume wangu. Hija hiyo ndiyo iliyonifanya niandike.

Mwaka 1998 tulikuwa tunaishi Guangzhou, China. Waswahili tulikuwa wachache, wote tunajuana. Tulikuwa wafanyabiashara: mume wangu akinunua nguo za watoto za kuuza, barabara ya Guangyuan Xilu, mimi nikinunua vitambaa soko la Zhongda, chumba tumepanga mtaa wa Dengfeng. Wachina wakati ule walikuwa bado wanaishi juu ya baiskeli, na mimi nilichoka kubanana kwenye basi na sampuli zangu. Nikanunua baiskeli ya kike, kuukuu, nikavaa suruali pana chini ya dera, ushungi nikaubana kwa pini, nikawa navuka mto kila asubuhi kwenda sokoni. Wauza vitambaa waliniita laobanniang, bosi mama, na kunipigia makofi nikipita. Waswahili wenzetu hawakupiga makofi. Dada mmoja alimwambia mume wangu, mimi nipo, kwamba baiskeli itaniharibia kizazi, kwa sababu tulikuwa hatujajaaliwa mtoto. Mume wangu alicheka mbele ya watu. Tulipofika nyumbani hakucheka.

Hapo Zhongda nilizoeana na mama wa Kiitaliano, mjane, nitamwita Lucia. Alikuwa akinunua bitana za makoti. Kiingereza chake kibovu kama changu, tukielewana kwa vidole na kwa Kichina cha kupatana bei. Alinieleza kwamba kila mwaka, msimu wa kuvuna zabibu, huzunguka vilima vya kwao kwa baiskeli siku nane, polepole, akilala kwenye nyumba za wakulima. Akaniambia, "Njoo. Baiskeli nitakupa mimi."

Nilimwomba ruhusa mume wangu akiwa anakula. Akasema, "Nenda." Wiki chache baadaye viza ikatoka, nikamwonyesha, tena akiwa mezani. Akaweka kijiko chini.

"Nilikuwa natania," akasema.

"Mimi sikuwa natania," nikamjibu. Nikaenda.

Nimesingiziwa mengi kuhusu siku zile, kwa hiyo acheni niseme mwenyewe. Vilima vile vimepandwa mizabibu kwa mistari, mpaka juu kabisa. Siku mbili za kwanza kila mlima nilishuka nikasukuma, Lucia ananisubiri kileleni. Siku ya tatu nikapanda mmoja mpaka mwisho bila kushuka, nikakaa kando ya njia nikalia, na mpaka leo siwezi kuwaeleza kwa nini. Kulikuwa kimya. Mimi niliyezoea honi na wabeba marobota wanaopiga kelele nipishe, nilisikia mnyororo wa baiskeli na pumzi yangu. Mvinyo ulikuwepo kila meza, sitadanganya. Lucia aliwahi kufunika glasi yangu kwa kiganja kabla mwenye nyumba hajamimina. Nilikunywa maji, nikala mkate, jibini na zabibu zenye vumbi la shambani. Niliswali kwenye nyasi, katikati ya mizabibu. Tulilala chumba kimoja, wanawake wawili. Sijawahi, kabla wala baada, kukaa siku nane bila mtu kuniuliza niko wapi.

Niliporudi Guangzhou nilikuta habari zimenitangulia. Mume wangu alikuwa amewaambia watu kwamba mkewe amekwenda kunywa mvinyo na Wazungu. Akaita kikao kwenye mgahawa wa mzee mmoja wa Kizanzibari pale Dengfeng. Yule mzee akaniambia kwa upole, "Mwanangu, sema samahani tu, yaishe."

Nikamuuliza, "Shikamoo yako iko palepale, mzee wangu, lakini samahani ya nini? Nimekwenda kwa ruhusa. Sijanywa. Sijalala na mtu."

Mume wangu akasema, "Ya kunitia aibu."

"Aibu umeitangaza wewe," nikamwambia. "Mimi nilikuwa naendesha baiskeli."

Hakuniacha, wala sikuomba radhi. Tukarudi nyumbani Tanzania, watoto wakaja watatu, maisha yakaenda. Ni mume mwema, sitamvunjia heshima. Ila neno Italia halikutamkwa nyumbani kwetu tena, mpaka Ijumaa iliyopita.

Wanaokwenda hija huombana radhi, mnajua. Baada ya chai ya asubuhi alinikalisha, akaniomba radhi kwa mengi, hata niliyokwisha kuyasahau. Nililia, nikamsamehe yote. Ila kile kikao hakukitaja. Kisha akasema, "Sasa wewe. Anza na Italia."

Nilimwomba radhi kwa ulimi wangu mkali, kwa hasira zangu, kwa miaka niliyomnunia mama yake. Italia nikairuka. Akasema hataniridhia mpaka niitaje. Binti yetu mkubwa ananiambia, "Mama, ni neno moja tu."

Ndugu zangu, neno moja hilo ni uongo. Siku zile sizijutii. Nikizaliwa tena nitakwenda tena, na safari hiyo sitasubiri mtu akae kula ndipo nimwombe ruhusa. Nikimwambia nisamehe, nitaianza safari ya kwenda kwenye nyumba ya Mola wangu kwa kudanganya. Nisipomwambia, nakwenda na kinyongo cha mume niliyeishi naye miaka thelathini na moja, ambaye nampenda. Nishaurini, wake kwa waume, nifanye nini? Ila anayetaka kunishauri nijute, asijichoshe kuandika.