Goti la Mama katika Nyumba Thelathini

Nilijaza karatasi moja ya mfano. Ndilo kosa langu. Miaka yote hii nimejaribu kulitupia mvua, kamioni, katekista na hata chuo kikuu chenyewe, na hakuna aliyekubali kulipokea.

Wakati ule nilikuwa mwanafunzi wa sosiolojia. Nilipotaja neno hilo nyumbani Masisi, watu waliuliza kama ni ugonjwa ao ni kazi. Nikawaeleza kwamba ni elimu ya kujua watu wanaishi namna gani.

"Na weye haukujua?" mama yangu akauliza.

Baada ya miaka miwili ya darasani, chuo kilitutuma nje kwa mwaka mzima wa staji. Kila mwanafunzi alipaswa kutafuta ofisi ya kumpokea, afanye uchunguzi, kisha arudi na ripoti yenye sahihi ya msimamizi. Bila sahihi hakuna mwaka wa nne. Burusi, ile pesa ya masomo, inakatwa, kitanda chako kule Kinshasa anapewa mwingine, nawe unabaki na diploma yako ya sekondari, vilevile ulivyotoka nayo.

Wenzangu waliomba kwenda viwandani na mijini. Mimi niliomba ofisi ya kilimo ya huku kwetu, kwa sababu ambayo sikuiandika kwenye barua: nilikuwa nimechoka na chakula cha chuo. Nilitaka kulala kitandani kwangu, nile bugali na maharagi ya mama, na jioni nikae karibu na moto bila mtu kuniuliza nimesoma nini.

Msimamizi wangu alikuwa bwana mwembamba aliyepiga pasi hata leso yake. Alinipa kazi moja tu: niende kwenye kijiji kimoja cha Walikale, mbele kidogo ya Kashebere, niingie nyumba thelathini na kuuliza maswali yaleyale. Muko wangapi nyumbani? Munalima nini? Nani anaamua mbegu ipandwe wapi? Nani ni mgonjwa? Kuna ndugu gani mwingine anayeishi nanyi? Muda, miezi minne. Miezi minne msituni, mimi ambaye hata kulala kwa mjomba kwenye mlima wa pili kunanitia huzuni!

Nilienda. Nilikaa siku mbili. Walinipa kitanda cha mianzi, sombe ya majani ya muhogo yenye mafuta mengi ya mawese, na heshima nisiyostahili. Siku ya pili nikagundua kwamba katekista wa pale, mwanaume wa makamo, alikuwa na mwandiko mzuri kuliko wa maprofesa wangu. Nikapata akili, ao kitu nilichokidhania kuwa akili. Nilimwomba aulize yeye, aandike yeye, kisha anitumie karatasi kwa kamioni ya mawese. Akakubali kwa furaha. Ili asikosee, nilimjazia karatasi moja kwa habari za nyumba yetu: tuko saba, tunalima maharagi na viazi, baba ndiye anayeamua, mama akishamwambia, mama anaumwa goti la kushoto, tunaishi na shangazi aliyemwacha bwana wake kwa sababu ya kukoroma. Juu niliandika MFANO, nikapiga mstari mara mbili. Kamioni ile ile iliyonileta ikanirudisha.

Miezi minne ile niliifurahia sana, siwezi kusema uongo. Aliyenisumbua ni jirani yetu mmoja tu, mama wa shamba lililopakana na letu, ambaye kila akipita na jembe lake begani alisimama mlangoni.

"Papa Universite, staji iko namna gani?"

"Inaendelea, mama."

"Inaendelea wapi? Miye ninakuonaka hapa kila siku."

Karatasi zilifika, thelathini kamili, safi, hazina hata tone la wino lililomwagika. Nilitazama ya kwanza kwa sababu ya uzuri wa mwandiko, nikazifunga kwa kamba ya mgomba, nikampelekea msimamizi. Alizisoma mbele yangu. Alisoma tano, akarudi kwa ile ya kwanza, akaruka mpaka ya mwisho. Akatoa leso.

"Monsieur, ulizisoma hizi?"

"Nilizisoma, chef."

"Katika kijiji hiki kila mama anaumwa goti?"

"Labda ni baridi, chef."

"La kushoto tu?"

Nikaanza kuiviringa ile kamba ya mgomba kidoleni.

"Na hawa mashangazi thelathini? Wote waliacha mabwana zao kwa sababu ya kukoroma?"

Hakupaza sauti, na hilo liliniumiza zaidi. Alinipa wiki tatu: nyumba thelathini, kwa miguu yangu mwenyewe, ama hatatia sahihi.

Nilipoteremka kwenye kamioni, nikiwa na hasira ya njia nzima, katekista alinikimbilia akicheka.

"Karibu, karibu! Walipita?"

"Nani?"

"Batu! Ku mutihani!"

Kumbe kila Jumapili baada ya sala aliwakalisha kwenye mabenchi ya kapela na kuwafundisha majibu, swali kwa swali, kama katekisimu. Aliyekosa alirudia Jumapili iliyofuata. Muwindaji mmoja mzee alihitaji Jumapili tatu kwa sababu ya viazi, kitu ambacho hakuwahi kukipanda.

"Papa katekista," nikasema, "ule ulikuwa mufano!"

"Njo vile. Mufano iko ya kufuata. Kama haiko ya kufuata, uliuandikia nini?"

Nikaketi juu ya mzigo wangu.

"Hawakutaka uanguke," akaongeza taratibu. "Walisema, huyu ni mutoto wa batu, na mama yake iko na ugonjwa wa goti, tumusaidie."

Nikaanza nyumba kwa nyumba. Mama wa kwanza alikuwa akimenya muhogo.

"Mama, muko wangapi mu nyumba?"

"Saba."

"Mama, sema ya kweli."

"Ya kweli ya zamani, ao ile ya katekista?"

Bwana wake akaita kutoka nyuma ya nyumba: "Usimujibu! Anatujaribu, aone kama tulisahau!"

Kwa mama wa pili nilidhani nimepata ujanja.

"Mama, goti yako haiumi. Nimekuona unapanda na kuni."

"Leo haiumi. Iliuma siku ile."

"Siku gani?"

"Siku ya mutihani."

Habari zikaenea kwamba mwenye mutihani amerudi na hasira. Kuanzia siku ya tatu, kila nilipopita kwenye kisima, wamama walishika goti la kushoto na kuchechemea mmoja nyuma ya mwingine: "Aï, goti! Aï, Papa Sosioloji, goti!" Nilitaka kukasirika. Walichechemea vizuri mno. Mmoja wao alikuwa mama yangu kabisa, hata namna ya kugeuka.

Mjane mmoja tu ndiye aliyenivutia kiti bila mzaha. Nilimuuliza nani anaamua mbegu ipandwe wapi, nikangoja "baba". Alieleza mchana mzima. Shamba ni la ndugu za marehemu. Kila msimu anakwenda kuwaomba mahali pa kupanda muhogo, na kila msimu wanamsogeza mbali zaidi, mpaka sasa analima pale nguruwe wa porini wanapopita. Nilijaza karatasi mbele na nyuma.

"Kwa nini hukumwambia katekista?" nikauliza.

"Katekista hakuniuliza. Alinifundisha."

Nilipotoka pale nilijua kabisa kazi yangu ni nini na inafanywaje. Wiki mbili zilikuwa zimebaki. Watu walianza kunizoea, hata yule mama wa kwanza, aliyekuwa akimenya muhogo, alinitajia watoto wake watatu wa kweli. Mtu mwingine angemaliza. Lakini mvua haikuacha, viatu vilioza, na siku ya tisa, nikiwa na nyumba kumi na moja, nilisikia kamioni ya mawese ikipanda kuelekea Masisi. Nilijiambia kwamba nina homa. Nilijishika paji la uso: lilikuwa baridi kama jiwe la mtoni. Nikapanda hata hivyo.

Msimamizi alisoma zile kumi na moja kwa makini. Ya mjane aliisoma mara mbili, akasema, "Hii ni kazi." Kisha akauliza nyingine kumi na tisa ziko wapi. Nikamwambia habari za homa. Alikunja leso yake katika pande nne, akanirudishia ripoti bila sahihi. Barua ya chuo ilikuja kabla ya mavuno: mwaka umepotea, burusi imekwisha.

Nilikwenda kwenye mpaka wa shamba, mahali jirani yetu alipokuwa akipalilia, maana nilihitaji mtu wa kunihurumia, na mama yangu alikuwa amekataa. Nilimsimulia yote tangu mwanzo: mvua, viatu, ukali wa msimamizi, na zaidi ya yote yule katekista aliyeniharibia maisha kwa katekisimu yake. Aliacha nimalize. Akakung'uta udongo kwenye jembe, akanitazama.

"Ule katekista alifundisha kijiji muzima, akaandika karatasi zote, tena bure. Weye ulilala. Kama ni miye njo universite, diplome ningemupatia yeye."