Kompyuta ya Kaka Ilipowahi Kuamka

Jambo hili nikilikumbuka huwa nageukia ukutani hata kama nipo peke yangu, ila ni afadhali mlisikie kwangu kabla hamjalisikia kwa watu wa Ibaba, kijijini kwetu milimani, maana kule wanalitia chumvi, wengine wanasema mchungaji alikimbia kwa kupitia dirishani, na si kweli, alipitia mlangoni kama wengine (ila alikuwa wa kwanza).

Kaka yangu Ambakisye, Mungu amrehemu, alipenda kompyuta za zamani, zile za kichogo, zenye boksi zito kama tofali la saruji. Wenzake hapa Tunduma wakivuka mpaka kwenda Nakonde, Zambia, kufuata mafuta ya kula, yeye alirudi na mashine iliyotupwa na ofisi fulani, akaifuta vumbi, akabadilisha hiki na kile, na ikiwaka alicheka kama mtu aliyefufua kuku. Mimi niliishia darasa la saba, lakini kwa kukaa naye nilijua kushika bisibisi, na jioni tulicheza karata kwenye kioo chake tukibishana. Humo ndani alirekodi pia mazoezi ya kwaya, yeye na besi yake. Alipofariki, hiyo ndiyo sauti yake pekee iliyobaki duniani.

Kwetu siku ya kuanua matanga ndiyo siku ya kugawa vitu vya marehemu, na mgawaji ni shangazi. Baba mdogo alishasema wazi, "Dude hilo liuzwe chuma chakavu. Nani anakula kompyuta?" Mimi nikawaza kwamba wakimsikia kaka akiimba, hakuna atakayethubutu kuiuza. Basi nikaiongezea memori niliyoitoa kwenye mashine nyingine iliyokufa, ili ipate kasi, isinikwamie mbele za watu, nikaipanga ikiwaka tu ianze yenyewe kupiga rekodi zote. Sikuzisikiliza kwanza. Kosa langu lilianzia hapo, na sababu ni moja tu, nilishindwa. Tangu tumzike nilikuwa sijathubutu kuisikia sauti yake.

Siku hiyo Ibaba mvua ilitufungia wote sebuleni. Kompyuta niliyokuja nayo kutoka Tunduma nikaiweka kwenye kona, nikaiunganisha na spika za kwaya, na Shangazi Tusekile akaifunika yote kwa kitenge.

"Mwanangu, chombo cha marehemu nakifunua mimi, baada ya maombi," akasema. "Wewe kitenge hiki usikiguse."

Sikukigusa. Nilipitisha mkono chini yake tu, nikaiwasha mchungaji alipoanza kuomba. Ni mazoea. Kaka alikuwa akiiwasha anakwenda kuchota maji, anarudi anaikuta bado inafikiri, kwa hiyo nikapiga hesabu kwamba tukifika "Amina" na yenyewe itakuwa tayari. (Mtasema, si ulijua ina kasi sasa? Nilijua. Mkono haukujua.)

Mchungaji alikuwa ndio kwanza anashukuru kwamba ndugu yetu amepumzika, na sote tumefumba macho, isipokuwa mimi niliyeiba jicho moja nikaona kitenge kinang'aa kwa ndani. Nikasema moyoni, nimekwisha. Kisha kwenye spika zote mbili kaka akakohoa.

"Halo. Halo. Mnanisikia huko?"

Mchungaji akaikatisha sala katikati.

"Mbona kimya? Shangazi, hebu lete chai, koo limekauka."

"Abee, baba!" Shangazi akaitika (alimwita kaka hivyo tangu utotoni kwa sababu alirithi jina la babu yetu), akasimama na birika mkononi, akapiga hatua kuelekea kwenye kona, ndipo akakumbuka.

Birika lilipaa. Benchi likapinduka na waliokuwa juu yake, wanakwaya wakabanana mlangoni nyuma ya mchungaji, na baba mdogo akatua katikati ya sinia la wali (mchele mzuri wa Kamsamba, nasikitika mpaka leo) akipiga kelele, "Sijaliuza! Ambakisye, mwanangu, sijaliuza!"

Mimi sikukimbia. Si ushujaa, ni mimi peke yangu niliyejua kuwa ni rekodi. Na kwenye sebule tupu, chai ikitiririka chini ya viti, kaka akaanza kuimba, nami nikamsikiliza beti zote nikiwa nimeshika bisibisi mfukoni kama mtoto.

Shangazi ndiye aliyerudi kwanza, mguu mmoja una kiatu, mwingine una tope. Akasimama mlangoni.

"Ni yeye?"

"Ni rekodi, shangazi. Ya ile siku ulipokuja Tunduma."

"Nani alikwambia uwashe?"

Nikamwonyesha mkono wangu. Alinichapa kofi la mgongo ambalo nililistahili, akakivuta kitenge, akajifunika nacho mabegani, akaketi kusikiliza. Wimbo ulipoisha akasema kwa sauti, ili baba mdogo aliyekuwa anachungulia dirishani asikie, "Hii haiuzwi. Lakini wewe, ukome."

Nimekoma. Nimerudi nayo Tunduma, na ile memori nimeing'oa, kompyuta imerudia uzembe wake. Watu wa ufundi wananicheka, wanasema nani anaipunguzia mashine kasi. Wacheke. Shangazi akishuka kutoka milimani naiwasha, yeye anainjika chai, na mpaka maji yachemke bado inahangaika kuamka. Muda huo tunauhitaji wote wawili. Kaka akija kukohoa, kikombe chake kinakuwa tayari mezani.