Mtu wa Kuniosha

Darasa letu la katekisimu lilikaa kila Jumamosi mchana katika shule ya msingi ya parokia, na madawati yale ni ya watoto. Mwili wangu hauingii. Nilikuwa nakaa upandeupande, mguu mmoja ndani na mmoja nje, mama mzima wa karibu miaka sitini katikati ya vijana wanaotafuna bazoka na kuficha simu mapajani. Waliniita kambo, yaani bibi, wala hawakuwa na ubaya. Lakini walicheka wao kwa wao, na nikikohoa tu wote kimya. Upweke wa nyumbani naujua, nimeuzoea. Upweke wa kukaa katikati ya watu ulikuwa mgeni kwangu, na sikuupenda hata kidogo.

Mimi nilizaliwa katika nyumba ya Waislamu. Baba yetu alitoka Maniema, alikuwa fundi viatu hapa Lubumbashi. Bwana yangu alikuwa Mkatoliki wa kaskazini ya Katanga, mtu wa reli, mtoto wa mtu wa reli. Tulipooana baba alinuna, halafu akanyamaza, halafu akazoea. Bwana yangu hakunilazimisha kitu. Jumapili nilimpigia pasi shati la misa. Ramadhani nilifunga, naye alikwenda kula huko huko kazini ili harufu ya chakula isinisumbue. Mtoto hatukupata. Tuliishi hivyo, kila mtu na sala yake, chumba kimoja.

Kisha akafa. Nyumba yetu iko Annexe, pembeni kabisa ya mji, mahali ambapo mashamba ya mahindi yanaingia hadi mlangoni, na ndege za uwanja wa Luano zinapita juu ya bati. Nilibaki humo na kuku. Watu wa shirika lake, yale makundi ya majirani Wakatoliki wanaosali nyumba kwa nyumba, walikuja kusali kwangu siku zote za matanga. Walijaza ua, wakaimba, wakaosha hata sufuria zangu. Matanga yakaisha, nao wakaacha kuja, kwa sababu ndivyo inavyokuwa. Nikaanza kuwafuata mimi.

Mtu asiseme nilifuata watu tu. Mwanzoni ndiyo, nilifuata sauti za watu. Lakini kuna asubuhi nilikuwa nachambua maharage peke yangu na kumgombeza Mungu kwa sauti, nikimuuliza kama ananiona au ananiruka tu. Niligombeza mpaka nikachoka. Niliponyamaza nilijua nimesikilizwa. Sikuona mwanga, sikusikia kitu. Nilijua tu, kama unavyojua kwamba mtu amesimama nyuma yako jikoni. Siku ile nikaenda kwa padri kujiandikisha.

Katekista wetu alikuwa mwalimu mstaafu, mkali, suruali yake imekunjwa mstari kama kisu. Mara moja alisimama mbele yetu akauliza, "Uko hapa dunia juu ya nini? Kila mutu ajibu." Kijana mmoja akasema, "Juu ya kupata visa." Darasa likapasuka. Msichana mmoja akasema kuolewa, mwingine kusoma udaktari. Zamu yangu ikafika.

"Mi sijue," nikasema. "Bwana yangu alikufa. Batoto sina. Nikikosa kesho, ni kuku tu zitajua."

Hapo hakuna aliyecheka. Katekista akaniangalia, akasema, "Mama, umupelekee Mungu vile vile." Nilikasirika mno. Nimetembea jua lote hili kutafuta jibu, naye ananirudisha na swali! Lakini njiani, nikiruka madimbwi, nikaona kwamba angenipa jibu ningemkasirikia zaidi.

Mwaka wa pili, Kwaresma ilipokaribia, alitupa kazi ya mwisho. Kabla ya kuitwa rasmi kwa ubatizo wa Pasaka, kila mmoja aende kwa watu wake awaambie kwa kinywa chake mwenyewe, asiende kwa kujificha. Vijana wakapiga kelele kwamba ni kazi rahisi, wazazi wao ndio waliowatuma. Mimi watu wangu ni mtu mmoja: yaya, dada yangu mkubwa.

Yaya alikuwa fundi wa cherehani upande wa pili wa mji, karibu na msikiti. Nguo zangu zote tangu usichana alizishona yeye, na hakuna hata moja aliyonipa bila kunitukana kwanza kwamba nimenenepa. Lakini kazi yake nyingine ndiyo iliyompa heshima. Mwanamke Mwislamu akifa, waliitwa yeye na wenzake; walimwosha, wakakata sanda, wakamvika. Alianza siku mama yetu alipokufa. Tulikuwa wasichana bado. Yeye alimwosha mama pamoja na shangazi, mimi nilishika ndoo. Jioni ile, mikono yetu bado ina harufu ya kafuri, tuliahidiana: atakayebaki atamwosha mwenzake. Na baadaye ahadi hiyo ilizidi kuwa nzito, kwa sababu yaya alizaa wavulana watupu, na mwanamume hamwoshi mama yake.

Nilimkuta kwenye cherehani. Nikamwambia moja kwa moja, maana kwa yaya kuzungukazunguka ni kumchokoza. Mguu wake ukasimama juu ya kanyagio.

"Unataka kubatizwa."

"Ndiyo, yaya."

"Na umri huu."

"Ndiyo."

Nilingoja matusi. Kweli nilikuwa nimejiandaa kwa matusi, nilikuwa na majibu yangu tayari. Akasema polepole, "Sasa nani ataniosha miye? Ukienda kule, bamama ba kwetu habatakuacha uingie mu chumba. Na weye, mi sitakuosha tena. Tulisemaka nini siku ya mama?" Akaanza kukanyaga cherehani tena, na kitambaa hakikuwamo. Nilisimama pale mpaka nikaona haya, nikaondoka.

Wiki ile yote sikula vizuri. Niliona jambo ambalo sikuwa nimeliona: mimi nilijihesabu mpweke peke yangu katika mji huu mzima, na kumbe yaya, pamoja na wavulana wake na wake zao na kelele zao, alikuwa na mtu mmoja tu wa jambo lile, na mtu huyo ni mimi. Ninamwamini Mungu aliyenisikia nikichambua maharage. Nilitaka ubatizo kama mtu mwenye kiu. Lakini nitaununua kwa mwili wa dada yangu?

Nikaenda kwa padri. Nikamwambia nitangoja. Nitabaki darasani, nitasali, ila maji ya ubatizo yawe baada ya yaya kuondoka.

"Na kama ni wewe utakayetangulia, mama?"

"Basi yaya ataniosha. Hakuna atakayepoteza."

Padri akatabasamu. Akasema kwamba anayengoja ubatizo kwa moyo wake, Kanisa linamhesabu tayari kuwa mtoto wake, na akifa kabla, linamzika. "Unaona? Hata sasa uko wetu."

"Eh, padri," nikasema, "tafadhali usimwambie yaya hiyo."

Alicheka sana. Mimi sikucheka. Lakini nilitoka pale nikiwa mwepesi, nikaona nimepata njia safi isiyomuumiza mtu. Jumamosi iliyofuata sikwenda darasani, nilipanda basi mpaka kwa yaya. Alikuwa peke yake uani, anaanika nguo. Nikamweleza mpango wangu wote kwa furaha, kama mtoto aliyeleta maksi nzuri. Alinisikiliza mpaka mwisho, kibanio cha nguo mdomoni. Akakitoa.

"Kwa hiyo unangoja nife."

"Yaya, hapana!"

"Ndiyo, ni vile. Kila asubuhi utaamka, utauliza: yule muzee iko muzima bado? Kila nikikohoa utaangalia kalenda. Unangoja nife juu upate maji yako."

Alikuwa ameshika kweli, na mimi sikuwa nimeiona, na mpango wangu ulikuwa na harufu ya kaburi tangu mwanzo. Nikaanza kulia pale pale katikati ya mashuka. Nililia kwa sauti mbaya, ya mtu asiyelia mara kwa mara.

Yaya aliniacha nilie. Kisha akaingia ndani, nikasikia anamimina maji, anawasha makaa. Alipotoka alikuwa na ndoo, kikombe, na sabuni mpya bado ndani ya karatasi.

"Vua," akasema.

"Nini?"

"Vua nguo. Nitakuosha leo, muzima, ukiwa unanisikia. Halafu utaniosha. Tumalize ile maneno."

Bafu lake ni uzio wa mabati nyuma ya nyumba, bila paa. Nilisimama ndani yake uchi, mwanamke wa umri wangu, jua la saa nane linanipiga begani, nikiona haya kama mwali. Yaya hakuona haya. Alinimwagia maji ya vuguvugu na kuniosha kama anavyowaosha wale wengine, kwa utaratibu wake, bila haraka, midomo yake ikitembea kwa maneno ambayo sikuyasikia. Ila wale wengine hawagombezwi.

"Shingo hii! Unalalaka mu maindi?"

"Yaya..."

"Nyamaza. Funga macho."

"Sikufa bado."

"Funga macho, sabuni itaingia!"

Nikacheka, naye akacheka, na maji yakaniingia puani. Kisha alinifuta kwa kanga yake mwenyewe, akanipa kikombe, akavua. Ndipo nikaona mgongo wake. Yaya niliyemjua alikuwa mnene. Chini ya gauni zile pana alikuwa amekwisha. Mifupa ilikuwa inahesabika. Niliweka mkono pale, naye akajua nimeona. "Osha," akasema. Niliosha. Sikuacha mahali.

Pasaka ile nilibatizwa. Yaya hakuja. Alisema miguu inamuuma, na wote wawili tulijua miguu haina kosa.

Alikufa mvua za mwaka jana. Watoto wake walinipokea vizuri, wakanipa kiti, wakaniita mama mdogo mbele ya watu wote. Ulipofika wakati, wanawake waliingia chumbani, wengine ni wale aliowafundisha yeye mwenyewe, wakafunga pazia. Mimi nikabaki nje, nimeegemea ukuta, nasikia maji yakimwagwa, yananyamaza, yanamwagwa tena. Mwanawe mkubwa, ambaye yaya alikuwa amemsimulia siku ile ya bafu, akaja akachuchumaa karibu yangu. "Mama mudogo, si ulisha kumuosha? Inatosha."

Haitoshi. Niliyemwosha mimi alikuwa ananitukana, alikuwa na joto, alinisukuma nilipomchokoza ubavuni. Huyu wa ndani alikuwa amenyamaza, na nilimtaka huyu pia, na nilikuwa nimemwachilia kwa hiari yangu. Sijutii ubatizo wangu. Nauhitaji kila siku ninayoamka. Lakini pale ukutani nilimwambia Mungu wazi kwamba ameniomba kitu kikubwa, na sikushusha sauti.

Swali la katekista bado sijalipatia jibu zuri. Najua tu kwamba mchana mmoja, ndani ya mabati yale, nilikuwa na kazi hapa duniani na nilijua ni ipi. Jumapili nakwenda misa, Alhamisi shirika linasali, mara nyingine kwangu. Wakiondoka ninafunga mlango, ninaketi.

Zamu yangu ikifika, wataniosha akina mama wa shirika. Ni watu wazuri, wataniosha kwa upole, wakiimba. Hakuna hata mmoja atakayenigombeza.