Zamu ya Boljoint

Mimi ni fundi magari, mwaka wa thelathini na moja huu, na sipendi mtu kunibishia kuhusu gari. Sasa binti yangu mwenyewe, niliyemlea peke yangu tangu mama yake afariki, alisimama gereji, funguo za pikapu yake mkononi, akaniambia, "Baba, leo sidanganyiki."

Haki alikuwa nayo. Huja kunitazama mara mbili kwa mwaka, na kila siku ya kuondoka gari lake linaugua. Mara breki, mara rejeta, mara beringi. Ugonjwa naubuni mimi. Naingia uvunguni, nagongagonga vyuma, natoka nikitikisa kichwa: "Hii haikufikishi." Basi analala siku moja zaidi, na nyumba inakuwa na sauti ya mtu. Safari iliyopita akaenda kumwonyesha fundi mwingine ile beringi "iliyokufa". Njia ya mwongo ni fupi.

Safari hii nilijiapiza kufunga mdomo. Lakini nikaona tairi ya mbele kushoto imelika upande mmoja. Nikapiga jeki, nikapitisha mtaimbo chini ya tairi, nikaunyanyua. Lahaula! Gurudumu zima likapanda na kushuka. Boljoint, kile kifundo cha chuma kinacholishikilia gurudumu, kimekwisha. Kikichomoka barabarani, gurudumu linalala, na gari linakwenda linakotaka lenyewe.

"Boljoint imekufa," nikamwambia.

"Ehe! Leo zamu ya boljoint?" Akacheka, lakini si kwa furaha. "Wanangu wananisubiri, baba. Shusha jeki."

"We mtoto, utakufa!"

"Ndivyo ulivyosema kwenye breki."

Hasira zikanipanda, na zote zilikuwa juu yangu mimi mwenyewe. Nikamshika mkono, nikamchuchumalisha kwa nguvu kando ya tairi. "Weka vidole hapa kwenye kifundo. Usivitoe." Nikanyanyua mtaimbo. Chuma kikacheza chini ya vidole vyake kama jino la mtoto linalotaka kung'oka. Nikanyanyua tena. Uso ukamshuka.

"Na zile nyingine?" akauliza polepole.

"Uongo mtupu. Nilitaka ubaki. Nyumba ile inanishinda, mwanangu."

Alijifuta grisi kwenye kanga bila kuangalia anachofanya. "Si ungesema tu, baba."

"Ningesema, ungebaki?"

Aliligeukia tena gurudumu, akauliza, "Hii inatengenezeka leo, au mpaka spea iagizwe?"

Ningesema iagizwe, angeniamini. Siku hiyo angeniamini chochote, na spea ya kuagiza huchukua siku mbili, hata tatu. Nilimtazama alivyochuchumaa pale, amesawijika kwa hofu, wanawe wako mbali wanamngoja.

"Ninayo rafuni," nikasema.

Kufika adhuhuri alikuwa ameshaondoka.