Vidole Vyeusi vya Ruthu

Mwanahawa alipoviona vile vidole, mate yalimjaa mdomoni kama mtu anayetaka kutapika.

Vilikuwa vyeusi. Si weusi huu wetu wa kuzaliwa nao, la. Weusi wa ndizi iliyooza, mabaka mabaka mpaka kwenye kucha.

Na vilikuwa vinakuja usoni kwa mjukuu wake, aliyezaliwa alfajiri ile ile.

Hiyo ni Dodoma ya Mwingereza, miaka michache baada ya vita ya Hitla. Mwenye vidole ni Ruthu, binti aliyechanganya dawa kwenye maabara ya hospitali, kisha akapita wodi ya wazazi na kichupa chake.

"Shikamoo mama. Naomba nimtie mtoto matone ya macho."

Shikamoo haikuitikiwa.

"Hiyo mikono ina nini?"

"Ni dawa hii hii, mama. Ina madini ya fedha. Ukiishika unaona maji tu, ukitoka nje kwenye jua ngozi inageuka nyeusi. Sabuni haiondoi, mpaka ngozi ibanduke yenyewe."

"Inachoma ngozi ya mtu mzima, halafu uitie kwenye jicho la kichanga?"

"Ya mtoto tumeizimua sana. Tone moja tu kila jicho."

Batuli, mkwewe, akajiinua kitandani. "Mama, mwache amtie."

"Nyamaza. Huo ni ukoma, wanauficha."

Jioni wakaondoka. Ruthu aliwafuata mpaka getini akibembeleza. Mwanahawa hakugeuka.

Nyumbani akamwosha mtoto mara mbili, kisa Ruthu alishika shuka lake. Majirani wakasimuliwa vile vidole mpaka wakashindwa kula.

Siku ya tatu macho ya mtoto yakavimba kama vitumbua.

Usaha. Mzito, wa njano iliyoingia ukijani. Kope zimegandana, ukizitenganisha usaha unaruka. Batuli anafuta kwa kanga, unajaa tena. Nzi hawabanduki. Mwanahawa akajikuta anageuza uso, anashindwa kumtazama mjukuu wake mwenyewe.

Wakakimbilia hospitali.

Aliyempokea mtoto ni Ruthu. Kwa vidole vile vile akafungua kope, akaosha, akafuta, wala hakukunja uso. Sindano zikafuata.

Jicho la kushoto likapona. La kulia likabaki na ukungu mweupe, halikuona tena.

"Ni yeye," Mwanahawa akamwambia daktari. "Aligusa shuka."

Daktari akamvuta pembeni. "Hapana, mama. Huu ni ugonjwa wa zinaa, kisonono. Mtoto huupata kwa mama yake wakati wa kuzaliwa. Ndiyo maana kila kichanga tunakitia yale matone."

Mwanahawa akamgeukia Batuli. Namna alivyomtazama, ungedhani kakanyaga kinyesi.

Batuli, ambaye hajawahi kumjibu mkwewe, siku hiyo alijibu.

"Mama, nimeingia kwako nikiwa mwari. Sijatoka ua ule bila wewe. Muulize Msafiri."

Msafiri ni mume wa Batuli, mwana wa pekee wa Mwanahawa, dereva wa lori la Sultanali, yule mfanyabiashara wa mjini. Leo Kondoa, kesho Babati, analala huko huko. Akaitwa. Daktari akamweleza mbele ya mama yake kwamba yeye na mkewe wote watachomwa sindano.

Hakubisha. Akatazama chini.

"Nilidhani nilishapona," alisema.

Kumbe alijua.

Usiku ule Msafiri alinawa, akakaa kwenye sinia la ugali kama kawaida. Mkono wake ulipofika kwenye tonge, Mwanahawa akaacha kula. Akainuka, akatoka nje. Mtoto aliyemzaa, aliyemlisha kwa mkono wake, ndiye anayemtia kichefuchefu.

Kesho yake alikwenda kumwomba Ruthu radhi. Ruthu aliipokea, lakini jicho halikurudi.

Wewe unayesoma hapa, kinyaa chako si kipimo cha ugonjwa. Kabla hujamkimbia mtu, msikilize anachokuambia.

Yule mtoto sasa ni bibi mzee. Ukikaa kuliani kwake, mpaka leo anageuza shingo nzima ndipo akuone.