Sarafu za Mpishi wa Meli

Katika studio ya picha niliyofanyia kazi katikati ya Nairobi, mwishoni mwa miaka ya sitini, kifaa tulichokitumia zaidi baada ya kamera kilikuwa mkebe wa poda. Mteja aliyeingia akimeta kwa mafuta, au kwa jasho la kutembea kutoka Kangemi, alipakwa poda kwanza, hata awe mzee wa kanisa. Uso unaong'aa ukimulikwa na taa zetu ulitoka kwenye picha mweupe kama balbu. Hilo nililijua kuliko chochote nilichosomea sekondari.

Jirani yetu alikuwa mzee wa Mombasa, muuza viungo, ambaye ujanani alikuwa mpishi wa meli. Wenzake waliokuja kunywa kahawa mlangoni pake kila baada ya sala ya alasiri hawakumwamini hata kidogo.

"Wewe ulipanda ngazi ya meli pale Kilindini, ukamenya vitunguu, ukashuka," mmoja alimwambia nikisikia.

"Rangoon, kule Burma, nimefika, na sarafu zake ninazo!"

"Sarafu hata bawabu wa hoteli anazo. Wazungu humwachia."

Siku moja mzee akaniletea hizo sarafu, amezifunga kwenye leso. Zilikuwa za fedha, nyeusi kama sufuria ya kuni. Binti yake alikuwa anaolewa, na kesho yake zilikuwa ziende kwa sonara, zitobolewe ziwe mkufu wa bibi harusi.

"Zikitobolewa si sarafu tena, ni pambo," alisema. "Nipigie picha zikiwa nzima, mwanangu. Nitaitundika pale juu ya mizani, wale wanaonicheka waione kila wakija kunywa kahawa yangu."

Akaniachia hadi asubuhi. Nami, kwa bidii ambayo hakuna aliyeniomba, nikaenda nazo nyumbani Kangemi, nikazisugua kwa majivu na ndimu mpaka wafalme waliochongwa juu yake wakatoka na ndevu zao. Asubuhi nikazipanga juu ya kitambaa cheusi, nikawasha taa zote, nikapiga. Mzee alipozichukua alicheka kwa furaha. "Zimekuwa kama za jana!" Akaenda nazo moja kwa moja kwa sonara.

Picha ilipotoka kwenye dawa ya kusafishia ilikuwa na viduara vyeupe juu ya giza, basi. Hakuna mfalme, hakuna maandishi. Mimi niliyekuwa nikiondoa mng'aro kwenye nyuso za watu kutwa nzima, hapa nilikuwa nimeutengeneza kwa mikono yangu.

Mzee aliitazama picha, akaigeuza, akaitazama tena.

"Kijana, umenipigia mayai ya kukaanga."

"Kosa ni langu, mzee."

"Na hata kiini hukuyatia!"

Tulikimbia kwa sonara, yeye kanzu ameishika mkononi. Tulikuwa tumechelewa. Mfalme mwenye ndevu alikuwa na tundu kwenye paji la uso, na aliyekuwa kando yake alitobolewa puani kama fahali.

Harusi ikapita. Siku chache baadaye binti mwenyewe akaja studio na shangazi yake, kabla ya kusafiri kwenda kwa mumewe. Alikuwa amesikia habari ya mayai. Nilimwomba avue mkufu niulaze juu ya kitambaa.

"Hauvuliwi!" shangazi akasema. "Mpaka afike kwake. Piga hapo hapo ulipo."

Basi binti akafungua buibui kidogo tu, shingo na kidevu, na shangazi akachukua mkebe wangu akaanza kuwapaka wafalme poda mmoja mmoja. "Huyu naye ana pua! Nimtie na wanja?" Binti alicheka mpaka sarafu zikagongana, ikabidi nisubiri zitulie.

Picha ile ilikuwa safi. Kila herufi ilisomeka, na juu yake kidevu cha mtu anayejizuia kucheka. Mzee akaishika karibu na macho. "Hii hapa Rangoon," alisema polepole. Kisha akaitia katika mfuko wa kanzu.

"Hutaitundika?"

"Shingo ya mwanangu? Mbele ya wale?"

Jioni hiyo nilikwenda mlangoni pake, nikawaambia wenzake kwamba sarafu nilizishika mimi mwenyewe, nzima, na kila neno lake ni kweli.

"Picha iko wapi, mpiga picha?"

Nilimtazama mzee. Akatikisa kichwa, mkono juu ya mfuko.

"Niliiharibu," nikasema.

Walicheka mpaka kahawa ikamwagika. "Amemnunua kijana kwa kikombe cha kahawa!" Mzee akacheka nao, akanimiminia kikombe, nikakaa. Juu ya mizani alikuwa ameshapigilia msumari. Mwezi uliofuata alitundika kalenda.