Kang'ethe na Mtu wa Mwavuli

Fundi Kang'ethe alipenda sifa, na sisi wa baraza ile ya Ruiru tulimpa tele ili tupate la kumcheka baadaye. Alishona kaptula za shule mbele ya duka la Mhindi mmoja. Suruali yake ikikubana, alikwambia wewe ndiye uliyenenepa.

Mwaka wa hamsini na saba hadithi moja ilikuwa ikitoka gazetini kila wiki. Aliiandika Kaleli, mwalimu aliyewahi kufundisha kwetu kabla ya kurudi Ukambani. Aliyetusomea ni Nicanor Barasa, fundi wa baiskeli kutoka upande wa Bungoma. Ndani ya hadithi hiyo mlikuwa na mtu mwenye mwavuli mweusi. Mjane akikosa unga, anaukuta mlangoni, na mwavuli ndio huo unapotelea kwenye kona. Uso hatukuuona, jina hatukuambiwa. Kisha gazeti likatangaza kwamba mwisho wa hadithi, pamoja na hilo jina, tutausoma katika kitabu kitakachotoka kabla ya Krismasi.

Jamani, kazi gani ilifanyika tena? Benta Ajwang, muuza samaki, aliapa kwamba yule ni askari kanzu. Miaka ile ya hali ya hatari, kila mtu tusiyemjua alikuwa askari kanzu.

"Hapana, huyo ni bwana ya huyo mama," Barasa akasema. "Hakukufa, amejificha tu."

"Bwana gani analeta unga halafu anatoroka?" Benta akamuuliza. "Wangu alitoroka kwanza, na unga hakuleta."

Kang'ethe akasimamisha cherehani. "Atiriri, sikieni, nyinyi watu. Huyo ni mimi."

Ushahidi wake ulikuwa kwamba ana mwavuli mweusi, na kwamba ndiye aliyemshonea Kaleli suti ya harusi. Tulicheka hadi Mhindi akatoka dukani kuuliza kuna nini. Tangu siku hiyo tukamwita Mtu wa Mwavuli, naye akaitika. Akaanza kutembea na mwavuli jua likichoma. Siku moja aliweka pakiti ya unga mlangoni kwa Benta, kisha akakohoa pale nje mpaka Benta akatoka kumwona.

Lakini tulijua kinachomsumbua. Yeye na mkewe Wamboi hawakujaliwa mtoto. Kwa Wakikuyu mtoto wa kwanza wa kiume huchukua jina la babu mzaa baba, na hivyo jina huzunguka ukoo bila kupotea. Kang'ethe hakuwa na wa kumzungushia.

"Nikikufa, hii jina inazikwa na mimi," alimwambia Barasa. "Lakini ikiwa kwa kitabu, watoto wa shule wataniita kila siku."

Nilimwonea huruma sana, ingawa kumtania sikuacha.

Kitabu kilipofika Thika, Kang'ethe alihangaikia kibali cha kusafiri, akakifuata mwenyewe. Alirudi amekifunga kwa kitambaa cha bitana. Kusoma hakujua, basi njia nzima alilibeba jina asijue ni la nani. Tukamlazimisha Barasa aruke mpaka ukurasa wa mwisho. Akasoma polepole: mjane akaushika ule mwavuli, akauliza, wewe ni nani? Yule mtu akajibu, mimi ni Kisilu.

"Kisilu?" Kang'ethe akasema. "Kisilu wa wapi? Hiyo ni jina ya Mkamba, na Ukambani mvua hainyeshi! Mwavuli ni ya nini?"

Baraza nzima ikaangua kicheko. Yeye hakucheka. Alifunika cherehani mchana kweupe, akaenda nyumbani, na kesho yake hakuja. Keshokutwa pia.

Wiki hiyo Nekoye, mke wa Barasa, alijifungua msichana. Siku chache baadaye, walipotoka kanisani, wakampeleka mtoto kwa Kang'ethe, na sisi tukafuata kwa umbea wetu. Wamboi alimpokea mtoto kwa furaha. Kang'ethe aliuliza kwa heshima tu, "Anaitwa nani?"

"Nakang'ethe," Nekoye akajibu.

Kwao Bungoma jina la kiume hugeuzwa kidogo likapewa msichana: Wekesa huwa Nekesa, na Wafula huwa Nafula. Nekoye hakuona shida yoyote.

"Hiyo si jina," Kang'ethe akasema. "Kang'ethe ni ya mwanaume."

"Hiyo ni kwenu, baba," Nekoye akamwambia. "Huyu ni wa kwetu. Ataitwa hivyo mpaka Bungoma."

"Na Bungoma yote itauliza hiyo ni ugonjwa gani," Benta akadakia.

Kang'ethe alimchukua mtoto kutoka kwa Wamboi. Akamwita kwa lile jina, akarudia, na machozi yakamtoka mbele yetu sote bila aibu. Mtoto akapiga chafya.

"Wamboi," akasema, "niletee futi ya kupimia. Huyu mtu hana nguo."